Taniboi wa Miritini na mwanafunzi wa wiki nne

Wiki hii hapa Texas kijana mmoja amefeli mtihani wa leseni ya trela kabla lori halijasogea hata futi moja. Alizima injini apime breki za upepo, akasahau kuiwasha tena swichi. Akaanza kukanyaga na kuachia pedali, upepo ukashuka, mshale ukapita chini ya psi 55 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) na kengele ya onyo, inayotakiwa kulia kabla ya hapo, isilie. Ingelia vipi na umeme umezimwa? Mtahini akafunga karatasi zake, akamwambia arudi siku nyingine.

Waliokuwa pale walisema ameonewa. Mimi siamini hivyo. Kilichoniuma ni kwetu, kwa sababu Mombasa kuna madereva waliopandisha makontena kutoka bandari ya Kilindini hadi mpakani Malaba miaka kumi, na hakuna aliyewahi kuwauliza mshale uko wapi kengele inapolia.

Najua mtakalosema. Huyu kapanda ndege, sasa anatufundisha kuendesha. Mwacha asili ni mtumwa. Nisikilizeni kwanza, maana ninayemtetea hapa ni taniboi, yule msaidizi wa dereva wa lori.

Njia ya kwetu tunaijua sote. Shule ya udereva inakufundisha kwa kenta, lori dogo, unasukuma vigari vya kuchezea kwenye ubao wa mtihani, unapata leseni. Ukiipeleka kwenye yadi ya malori ya Miritini au Changamwe, Mombasa, unaulizwa una uzoefu gani. Basi unaanza utaniboi: kufunga turubai, kukaza kufuli za kontena, kutia jiwe nyuma ya gurudumu, kulala chini ya trela. Inafika siku, pengine ni kati ya Mackinnon Road na Voi, dereva anachoka na kukwambia shika. Kuanzia hapo umekuwa mwanafunzi, ingawa hakuna karatasi inayosema hivyo.

Na unafunzwa kweli. Taniboi wa miaka miwili anagonga tairi kwa chuma na kujua kwa sauti lipi lina upepo mdogo. Anajua mzigo ukikaa mbele mno utamkamata kwenye mizani ya Mariakani hata kama uzito wote uko sawa, kwa sababu ekseli moja imebeba ya mwenzake. Anajua trela tupu kwenye mvua linavyovuta mkia. Hakuna shule ya Marekani inayokupa hayo kwa wiki nne, na wanaowadharau mataniboi wetu hawaijui hii kazi.

Asichopewa taniboi ni sababu. Anaambiwa fanya hivi, haambiwi kwa nini. Mfano ni ule mteremko wa Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, uliotumalizia watu. Dereva anaweka nyutro ili kuokoa dizeli, na taniboi anajifunza kwamba ndivyo inavyofanywa. Hakuna anayemweleza kwamba ukiwa nyutro injini haikushiki tena, uzito wote unabebwa na breki. Breki zikipata moto, ngoma (chuma cha duara kinachozunguka na gurudumu) inapanuka na kuvikimbia viatu vinavyoibana kwa ndani, na ile fimbo inayosukuma viatu inafika mwisho wa safari yake kabla havijabana. Dereva anaogopa, anapiga pedali mara nyingi, na kila pigo linakula upepo kuliko kompresa inavyowahi kuujaza. Hapo hata yule fundi mkubwa wa njia hana la kufanya. Na kwetu trela la ekseli saba linaruhusiwa hadi tani 56. Hapa mwisho wa kawaida ni pauni 80,000, kama tani 36 tu. Sisi ndio wenye mzigo mkubwa zaidi, na ndio tusiohojiwa kuhusu breki.

Sasa msidhani huku kote ni peponi. Tangu Februari 2022 sheria ya Marekani inamtaka kila anayeanza apite kwa mkufunzi aliyeandikishwa na serikali kuu kabla ya mtihani wa vitendo. Nadharia lazima apate asilimia 80. Lakini kwenye usukani sheria hiyo haikutaja idadi ya masaa. Mkufunzi akisema umeiva, umeiva. Hapo ndipo shule mbovu zinapopenya, na ndipo ndugu zetu wanaofika huku wanapoliwa pesa.

Wanaotaka kuja kuendesha wananiuliza shule ipi ni ya bei rahisi. Swali hilo si la kwanza. Uliza nitashika usukani masaa mangapi mimi mwenyewe. Chukua shule ya wiki nne, masaa 160. Toa 40 ya darasani, yanabaki 120. Wanafunzi wakiwa wanne kwa lori moja, wewe ni masaa 30, mengine umekaa nyuma ukimwangalia mwenzako akiharibu kona. Wakiwa wawili, ni 60. Bei ikiwa ileile, hizo ni shule mbili tofauti kabisa, na tangazo halitakwambia. Nenda yadini asubuhi, hesabu wanafunzi na hesabu malori.

Njia ya pili ni kampuni ikufunze bure, kisha uifanyie kazi, mara nyingi mwaka mmoja. Bure hiyo ni deni. Kabla ya kutia sahihi, soma mahali panaposema ukiondoka mapema: je, deni linapungua kila mwezi au unadaiwa lote? Mwaka unahesabiwa tangu siku ya kwanza, au tangu ulipoachiwa lori peke yako? Wakikufukuza wao, bado unadaiwa? Hata hivyo siipuuzi njia hii, kwa sababu ina kitu kinachofanana na utaniboi: wiki kadhaa barabarani na mwalimu, ndani ya lori lenye mzigo wa kweli. Ukipata mwalimu mwenye moyo, umepata. Ukipata anayekutumia uendeshe usiku yeye akilala, umepoteza mwanzo wako.

Vyuo vya umma vya mtaani ni njia ya tatu. Huwa vinachukua muda zaidi, na mara nyingine kuna msaada wa serikali wa karo. Mwenye subira na asiye na familia inayongoja pesa mwezi huu, aanzie huko.

Vyovyote utakavyochagua, jua haya. Leseni ya Kenya haikuvushi, unaanza na ya mwanafunzi na kukaa nayo siku 14 au zaidi kabla ya mtihani. Kuvuka mpaka wa jimbo na mzigo ni miaka 21 kwenda juu. Kiingereza kinapimwa hata barabarani, na tangu Juni 2025 asiyeweza kumjibu askari anasimamishwa palepale. Na uliza lori la mtihani lina gia za aina gani. Ukifanyia kwenye otomatiki, leseni inakuzuia kuendesha la klachi. Kampuni nyingi za huku hazijali, lakini anayewaza kurudi nyumbani siku moja lazima alijali hilo.

Kuna watakaosema: hayo ni ya nchi zenye malori mapya, sisi tunaendesha yaliyochakaa. Hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu lori lililochakaa ndilo lenye haja ya kupimwa. Wengine watasema tajiri hana muda, meli imeshateremsha na kontena linadaiwa. Jamani! Foleni ya kuingia bandarini inakula masaa mangapi? Kipimo cha breki kama cha yule kijana hakichukui muda mrefu, na kinataka saa ya mkononi tu. Kiwambo cha breki, ule mpira unaosukumwa na upepo, kikipasuka njiani, wapo wanaoziba bomba la gurudumu hilo ili wafike. Wanafika, kisha gurudumu linabaki bila breki safari tatu zaidi kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Wenye yadi hawana haja ya kungoja serikali. Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yatiwe vizuizi. Jaza upepo mpaka mshale ukome kupanda. Zima injini, washa swichi, toa breki ya kuegesha ya kichwa cha lori na ya trela, acha mshale utulie. Kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie; mshale ukishashuka mara ya kwanza na kutulia, hesabu dakika moja nzima. Kwa kichwa na trela, upepo usishuke zaidi ya psi 4. Saa zetu nyingi za kupima upepo zimeandikwa kwa bar, basi shika kama robo ya bar. Kisha kanyaga na kuachia mpaka kengele ilie, na ilie kabla mshale haujashuka chini ya bar 3.8, ndiyo ile psi 55. Ukimaliza, jaza upepo upya, vizuizi vikiwa palepale na breki zimetolewa, dereva aingie chini avute kwa mkono kila slaki ajasta, ule mkono wa chuma unaoungana na fimbo ya breki. Ikija zaidi ya sentimita mbili na nusu, gurudumu hilo halijabana sawasawa na fundi aitwe kabla ya safari.

Dereva akanyage, taniboi asome mshale na kuhesabu kwa sauti, na namba iandikwe kwenye karatasi ya safari kabla geti halijafunguliwa.