Liyongo, riwaya na madai ya huruma

Walimu wa fasihi na wauza vitabu wana dai wanalolipenda: asomaye riwaya huwa mwepesi wa kuwaelewa wenziwe. Lamu dai hilo hugongana na la wazee, kwamba hadithi za kubuni ni uongo uliopambwa, zinampotezea kijana wakati na kumtia mambo kichwani. Ajabu ni kwamba wazee hao hao ndio mabingwa wa kumsimulia Fumo Liyongo, shujaa aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa. Wakifika hapo, hakuna anayeuliza kama yalitokea kweli. Kila aliyepo anamlaani yule mtoto.

Walimu ndio wenye takwimu. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano, watafiti wa New York, walichapisha majaribio yao katika jarida la Science. Watu waliosomeshwa vipande vifupi vya hadithi za kifasihi walifaulu zaidi ya waliosoma hadithi pendwa katika mtihani wa kutambua hisia za mtu kwa kutazama picha ya macho yake tu. Habari ikaenea kama moto. Dakika chache za kusoma, na tayari umekuwa mjuzi wa nyoyo! Sisi tulio katika mji mdogo, ambako watu wanajuana hadi kwa babu na ugomvi wa mirathi bado hauishi, tulikuwa na sababu ya kushuku.

Na shaka ilithibitika. Mwaka 2018 watafiti waliyarudia majaribio 21 yaliyotoka katika majarida ya Science na Nature. 13 yakatoa matokeo ya mwelekeo ule ule, na hili la riwaya halikuwa miongoni mwa hayo 13. Mwaka huo huo uchambuzi uliojumlisha tafiti 14 ulikuta kwamba kusoma hadithi kunasaidia kuwaelewa wengine, ila kwa kiasi kidogo. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Raymond Mar na wenzake wa Toronto walikuwa wameonyesha kwamba watu wanaoyatambua majina ya waandishi wengi wa hadithi, dalili ya kuzisoma sana, hufanya vizuri katika mtihani wa macho. Lakini huenda mtu mwenye hamu ya kuwajua watu ndiye anayezikimbilia riwaya tangu mwanzo.

Wazee nao wana ushahidi, ingawa hawakuutafuta. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock walionyesha kwamba msomaji aliyezama katika kisa huelemea upande wa kisa hicho, na huwa mzito wa kuona kasoro zake. Kumwambia kwamba kisa ni cha kubuni hakukupunguza kitu. Miaka mitatu baadaye Elizabeth Marsh na wenzake waliwasomesha watu hadithi fupi zilizopenyezwa habari za uongo kuhusu dunia. Walipoulizwa baadaye maswali ya kawaida, baadhi wakajibu kwa uongo ule ule. Kwa hiyo ule utetezi wetu wa kila siku, "ni hadithi tu", hautufikishi mbali. Mlango unaopitisha huruma ndio unaopitisha upotofu.

Utafiti unaonigusa zaidi haukuhusu kitabu. Nchini Rwanda, Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja watu waliosikiliza mchezo wa redio kuhusu uhasama na upatanisho, akiwalinganisha na waliosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Matokeo yakachapishwa 2009. Imani ya mtu binafsi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha aliyokuwa nayo ya yale ambayo jamii yake inayaona yanafaa, kwa mfano kuoana kati ya makundi au kusema wazi unapopinga jambo. Nao walikuwa wakisikiliza pamoja, kwa vikundi.

Hapo ndipo ninapowaona wasikilizaji wa Liyongo. Anayemsikia mwenzake akimlaani mtoto msaliti amejua pia mji wake unalitazama vipi jambo la kumuuza mzazi kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Kazi hiyo hadithi haikuifanya peke yake. Waliokaa barazani waliifanya pamoja nayo. Msomaji mpweke hana hilo.

Lakini baraza nalo lina bei yake. Ni la wanaume zaidi, na huruma yako inapimwa mbele ya macho ya wengine. Nani atathubutu kusema hapo kwamba anamwelewa yule mtoto, kijana aliyetiwa tamaa na mfalme? Msichana aliyejifungia chumbani na riwaya anaweza kumwonea huruma hata mhalifu, na asiulizwe. Kwa hili niko upande wa walimu kabisa, hata kama hakuna mtihani wa macho utakaolipima.

Upande wa kuandika una utamu wake. Marjorie Taylor na wenzake waliwahoji waandishi 50 wa hadithi. Asilimia 92 walisema wamewahi kuona wahusika wao wakijiamulia mambo. Tena mwaka 1996 Melanie Greenberg na wenzake waligundua kwamba watu walioandika kuhusu msiba wa kubuni, usiowahi kuwapata, walikwenda kwa daktari kwa ugonjwa mara chache zaidi katika mwezi uliofuata, karibu sawa na walioandika ya kweli. Kwa mji unaothamini sitara hili si dogo: waweza kutua mzigo bila kuanika ya nyumbani. Tatizo ni wasomaji. Andika juu ya bibi wa mtaa wa Langoni asiye na jina, na kabla ya alasiri atakuwa amepatiwa jina, mume na mlango wa nyumba.

Shuleni, kwa sasa, tunapoteza pande zote mbili. Riwaya ya karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili inasomwa kwa kukariri: maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha. Mwanafunzi hazami, wala hakuna anayemuuliza mbele ya wenzake kama yeye angemsamehe mhusika huyo. Kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kwa sauti na kubishana, bila kalamu mkononi, hakihitaji bajeti wala ruhusa ya wizara.