Kompyuta Ikishalitaja Kontena, Nani Anafungua Gunia?

Mikorosho inapokaribia kutoa maua, salfa huanza kumiminika Mtwara, na mtu yeyote aliyewahi kupita karibu na maghala wakati wa upakuaji huijua kwa macho kabla ya kuijua kwa jina: vumbi la manjano linalowasha kope, vijana waliojifunga vitambaa usoni, na harufu inayobaki kwenye shati hata baada ya kufuliwa. Mkulima wa Tandahimba haiiti kemikali. Kwake ni dawa ya ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Kwa kanuni za usafirishaji wa baharini, hata hivyo, salfa ya unga ni shehena hatari ya daraja la 4.1, yaani kitu kikavu kinachoshika moto kwa urahisi, na kontena lake hubandikwa alama yenye mistari ya wima myekundu na myeupe.

Naanza na salfa kwa sababu wengi wanaozungumzia matumizi ya algoridhimu, yaani programu za kompyuta, kuchuja shehena za kemikali forodhani husema kana kwamba hatari ni kitu kilichofichwa chini ya mzigo mwingine, ilhali kemikali nyingi za kutiliwa shaka hupita mchana kweupe zikiwa na hati halali. Asetoni huyeyusha rangi na gundi, lakini pia imo katika orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya. Thaiodaiglikoli hutumika katika wino, na hiyo hiyo ndiyo malighafi ya gesi ya haradali, silaha ya sumu. Jina la bidhaa peke yake halimwambii ofisa lolote kuhusu nia ya aliyeiagiza.

Hapo ndipo ninapokubali kwamba kompyuta ina kazi. Programu husoma tamko la mzigo, ikalinganisha msimbo wa bidhaa, uzito, bei, nchi ilikotoka na mwagizaji na yale yaliyopita miaka ya nyuma, kisha ikaupeleka mzigo kwenye njia ya kijani (upite bila kufunguliwa), ya njano (hati zikaguliwe) au nyekundu (ufunguliwe). Kampuni iliyozoea kuagiza vipuri vya magari ikileta ghafla mapipa ya kiyeyusho kwa bei isiyoeleweka, ni afadhali ishtukiwe na mashine kuliko kutegemea ofisa aliyeamka vizuri siku hiyo. Tena mashine haimwangalii usoni wakala wa forodha, yule anayemtolea mwagizaji mzigo, na sisi tuliofanya kazi hiyo tunajua uso wa wakala ulivyokuwa na thamani.

Lakini tufanye hesabu kidogo. Tuseme kwa mwaka yameingia makontena 10,000, na kati yake mabaya ni 5 tu. Hata kama programu itayanasa yote matano, na ikakosea kwa kontena 1 tu katika kila 100 yaliyo safi, tutakuwa tumezuia makontena 100 hivi yasiyo na hatia, na ofisa atafungua takriban 20 bure kwa kila moja lenye kasoro. Baada ya miezi miwili ya kufungua bure, mkono wake utazoea kusaini. Na mzigo wa salfa ukilala bandarini wiki mbili katika msimu wenyewe, ubwiriubwiri haungoji. Maua yakishaungua, salfa iliyofika baadaye ni vumbi tu.

Linalonisumbua zaidi ni jambo la pili. Algoridhimu hujifunza kutokana na makontena yaliyofunguliwa, kwa hiyo ubora wake hauwezi kupita ubora wa yaliyoandikwa baada ya kufungua. Miaka ya nyuma, nikiwa karani wa wakala wa forodha, katika kituo ambacho sitakitaja, kontena letu liliingia nyekundu tukalisubiri siku nne. Ofisa alipofika alikata lakiri, akatoboa gunia la kwanza lililo mlangoni, akasugua unga kati ya vidole viwili, kisha akaandika kwenye karatasi neno moja: «Sawa». Magunia ya nyuma hakuna aliyeyagusa. Neno lile likiingizwa katika kompyuta kama somo, tutakuwa tumeifundisha kwamba kontena zima lilikuwa safi, wakati tulichokijua sisi ni gunia moja.

Wanaodhani kwamba kutambua mzigo hatari ndiyo kumaliza kazi waikumbuke Beirut. Tani 2,750 za amonia naitreti zilizolipuka tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200 hazikufichwa na mtu. Meli ya Rhosus ilikuwa ikizipeleka Beira, kwa jirani zetu wa Msumbiji, ilipokwama Beirut mwaka 2013. Mzigo ukashushwa ghalani, na maofisa wa forodha wakaandika barua zaidi ya moja kuomba uondolewe. Jina lilijulikana, tani zilijulikana, mahali palijulikana. Hakuna algoridhimu ambayo ingeongeza kitu hapo.

Kwa hiyo fedha za programu ziende sambamba na fedha za mikono. Sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani tunayo tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara. Vipo pia vifaa vya kushika mkononi vinavyomulika leza na kutambua kemikali nyingi bila kutoboa mfuko. Fomu ya ukaguzi nayo idai namba ya gunia, mahali lilipokuwa ndani ya kontena, na kilichopimwa, hata kama hakikuonekana kibaya.

Ningeongeza kwamba makontena machache ya njia ya kijani yafunguliwe kwa kura, kwa kuwa yasipofunguliwa kabisa mashine haitajua kamwe kile ilichokiachia. Mawakala wenzangu wa zamani hawatalipenda hilo, na ninawaelewa. Mimi ningelikubali kwa sharti moja: kontena lililoangukiwa na kura asubuhi liwe limekaguliwa na kuachiwa kabla ya jua kuchwa.