Hakuna aliyenivua suruali, ilishuka kwa hiari yake

Kuna habari inazunguka kwamba jamaa fulani kaingia Ufrimasoni, wakamvua suruali mbele ya watu. Najua imetoka kwa nani. Ni mdhamini wangu, mtu aliyekula kiapo cha kutunza siri za ndugu, na siri ya kwanza iliyomshinda ni boksa yangu. Basi acheni nisimulie mwenyewe kabla haijaongezwa mapembe.

Wale wa nyoka na damu mtanisamehe: sikuona nyoka, na sikutoka na gunia la hela. Nje ya mlango kuna ndugu mwenye upanga, anazuia wasiohusika. Ndani kuna watu wazima wenye suti na aproni, nusu yao wanalalamikia magoti. Cha kutisha kilichoonekana mle jioni ile ni mapaja yangu.

Sasa, mtu anayeingia daraja la kwanza huvuliwa kila kilicho cha chuma na kila chenye thamani: saa, pete, sarafu, funguo. Anaingia mikono mitupu ili asije akasahau hali ya asiye na kitu. Suruali nayo hukunjwa mguu wa kushoto mpaka goti lionekane. Mdhamini wangu, kwa kuwa ameshaona watu wakihenya na suruali za kubana, akanipa ushauri wa kindugu: "Vaa pana."

Nikaazima ya shemeji, mtu mwenye tumbo lake la heshima. Ikanikaa vizuri kabisa, mradi mkanda upo. (Mkanda una nini pale mbele? Eeh. Ninyi mmewahi kuliko mdhamini.) Kwenye chumba cha maandalizi ndugu mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa upole wa daktari wa meno, "Na huo mkanda pia."

Kamba walinipa, sikatai. Walinivisha shingoni.

Nikafungwa kitambaa machoni, nikaingizwa. Mkono wa kulia kanishika Shemasi Mdogo (si wa kanisani, ni ofisa wao anayemwongoza anayeingia), wa kushoto umeshika suruali. Kwenye kiapo nikapigishwa goti, na mtu akishapiga goti suruali haina pa kwenda, hapo nikapumzika. Kitambaa kikatolewa, kamba ikatolewa, nikavishwa aproni nyeupe ya ngozi ya mwanakondoo. Vikamba vyake vikafungwa kiunoni. Kiunoni, jamani! Nikavisikia vinabana, nikashusha pumzi, nikaachia mkono.

Kumbe vimefungwa juu ya shati, vidole viwili juu ya suruali.

Tulieni hapa, twende polepole, maana mdhamini amepapita mbio ili afike kwenye kicheko.

Wakanisimamisha kona ya kaskazini-mashariki. Ndipo linapowekwa jiwe la msingi la jengo, na mimi ndiye jiwe. Miguu wakaipanga pembe mraba, kisigino kwa kisigino. Nataka muuone huo mkao: mtu wa kawaida akihisi suruali inateleza, atatanua miguu. Jiwe la msingi halitanui miguu. Mkuu wa loji (ndivyo wanavyoita kikundi chao na ukumbi wake) akanitazama, akaniambia maneno ambayo huambiwa kila anayesimama pale, kwamba sasa, kwa mwonekano wa nje, nimesimama kama mwashi, maana Mfrimasoni hujiita mwashi, mwadilifu na mnyoofu. Kwa mwonekano wa nje! Suruali ilikuwa imeshafika kwenye nyonga.

Kisha Shemasi akaja na sahani. Akainyoosha mbele yangu na kuuliza kama nina chochote cha kutoa kwa ajili ya hisani.

Jibu ni kwamba sina, wameshachukua vyote mlangoni, na hilo ndilo somo lenyewe. Lakini mimi nimelelewa. Nikinyooshewa sahani, mkono hauombi ruhusa kwa kichwa. Ukaenda mfukoni. Na mfuko wa shemeji una kina. Mkono ukazama, ukapapasa, haukukuta kitu, ukazama tena kwa nguvu ya mtu mkarimu.

Nikasikia upepo.

Upande wa kulia ulishuka bila kusimama popote mpaka kwenye ndara waliyonivalisha. Wa kushoto ukakwama gotini kwenye mkunjo. Waliokuwa mbele yangu hawakuona kitu, aproni ilikuwa kazini. Waliokuwa nyuma walipata picha yote. Na boksa ile, msiniulize kwa nini niliichagua siku hiyo, ina miraba myeupe na myeusi, na sakafu ya loji ni ya miraba myeupe na myeusi. Sauti ya mzee ikanong'ona nyuma: "Huyu kaja na sakafu yake."

Shemasi amekariri maneno yake, na aliyekariri akisimama katikati amepotea. Kwa hiyo akaendelea, jicho kwenye sahani, na swali linalofuata, naapa sikulitunga mimi, ni kama nilinyang'anywa kila kitu cha thamani kabla ya kuingia.

Nikajibu, "Kabla, na sasa hivi."

Mkuu wa loji akaanza kukohoa, na kikohozi kikaenea safu kwa safu.

Yaliyobaki ni mafupi. Kuna mahali mgeni huruhusiwa kutoka akajiweke sawa, nikatoka. Nikarudi na mkanda, nikapokewa kwa mikono miwili, tukala. Katiba zao zilizochapwa London mwaka 1723 zinakataza kuingiza lojini ugomvi wa dini na siasa, lakini kuhusu suruali hazikusema neno, kwa hiyo mezani hapakuwa na mada nyingine. Kila mzee alikuwa na ushauri. Mmoja kanishauri kanda za mabegani, mwenzake akamkumbusha vibanio vyake ni vya chuma. Mwingine kasema pini. Pini, baba! Yule wa sakafu akaniuliza tu kama nina suruali yangu mwenyewe.

Daraja la pili hukunjwa mguu wa kulia. Mdhamini ameshanitumia ujumbe mrefu wa ushauri. Sijaufungua.