Somo la walowezi lisianzie kwa Columbus

Vitabu vingi vya shule huanza habari za walowezi wa Amerika kwa meli za 1492. Mimi ningeanza na kesi ya kodi ya ardhi.

Waoneida ni mojawapo ya Mataifa Sita ya Haudenosaunee, muungano wa wenyeji wa Amerika Kaskazini. Walinunua tena, kwa fedha zao wenyewe, vipande vya ardhi ya mababu zao huko Sherrill, jimbo la New York, wakasema vimerudi chini ya mamlaka yao na mji hauna haki ya kuvitoza kodi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia. Tanbihi ya kwanza ya hukumu ile inataja kanuni ya ugunduzi: wakoloni walipofika, umiliki wa ardhi ya wenyeji ukahamia kwa dola iliyoigundua.

Mwanafunzi yeyote mwenye akili atauliza, kanuni hiyo ilitoka wapi? Hapo ndipo mwalimu arudi nyuma. Kwanza 1823, kesi ya Johnson na M'Intosh, ambamo Mahakama hiyohiyo iliikubali kanuni hiyo. Waliogombea ardhi mahakamani walikuwa Wazungu kwa Wazungu. Wenyeji walioiuza hawakuwa upande wowote wa kesi. Kisha 1455, Columbus angali mtoto: Papa Nicholas V, kwa hati ya Romanus Pontifex, anamthibitishia Mfalme Afonso V wa Ureno haki ya kuwavamia wasio Wakristo, kutwaa nchi zao na kuwatia utumwani daima. Hiyo ni lugha ya Vita vya Msalaba, imepandishwa merikebuni. Mwaka 1505 merikebu za Ureno ziliteka Kilwa, kwa hiyo darasa la Lindi au la Mombasa halisomi habari za watu wa mbali tu.

Lakini tukiishia kwenye hati za Papa na majaji, wenyeji watabaki kuwa watu waliotendewa tu, na hilo linaniuma. Wahaudenosaunee wana hati yao: mkanda wa shanga za makombe wenye mistari miwili ya zambarau juu ya nyeupe. Wao huusoma kama mapatano na Waholanzi. Mtumbwi na jahazi hushuka mto mmoja sambamba, na hakuna anayeshika usukani wa mwenzake. Huo nao ni mkataba wa sheria, si pambo la ukutani. Wanafunzi wawekewe mkanda huo kando ya hati ya 1455, wasome vyote viwili kwa uzito uleule.

Machi 2023 Vatikani ilitangaza kuikataa kanuni ya ugunduzi. Hukumu ya Sherrill haijatenguliwa.