Ngazi Tatu Kabla ya Usaili

Mji wa Kigoma umekaa kwenye mteremko unaoshukia Ziwa Tanganyika, na ofisi nyingi zimenyanyuliwa juu ya baraza ili maji ya mvua yapite mtaroni. Kwa hiyo mwajiri anapomwambia mwombaji kazi anayetumia kiti mwendo kwamba jengo halitamfaa, hasemi uongo. Ngazi zipo. Swali ni kama ngazi ndizo zilizomnyima kazi.

Mwajiri ana hoja, tena nzito. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kwa kipimo kinachotumika sana cha 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo kwa sentimita 12 za urefu, njia ya mteremko inataka urefu wa mita 5.4. Mabaraza mengi hayana nafasi hiyo kabla ya mtaro, kwa hiyo njia ifuate ukuta, na mwenye nyumba akubali. Fundi akiibana iwe mita mbili, kiti kinaweza kubinukia nyuma. Akimalizia kwa niru, yaani saruji iliyolainishwa, mvua ikinyesha panateleza. Asipoinua kingo pembeni, gurudumu linatumbukia. Juu, mbele ya mlango, pawe tambarare mita 1.5 hivi, la sivyo mtu anavuta kitasa huku kiti kinarudi chini. Mlango nao upenyo wake usipungue sentimita 80. Wa choo ndio husahaulika, na mfanyakazi anashinda kutwa bila kunywa maji ili asihitaji choo.

Ila vikwazo vingine havihusiani na jengo kabisa. Tangazo la karani wa hesabu linadai ajue kuendesha pikipiki. Kwa bwana shamba anayezunguka vijiji vya Uvinza, sawa. Kwa anayeshinda mezani, hilo ni chujio tu. Au swali la usaili, "Utafikaje kazini kila siku?", analoulizwa mwenye kiti mwendo peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi huo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi afikishe asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Piga hesabu: kwa watu 20 ni 0.6 ya mtu. Mmoja kamili anapatikana wakifika 34. Duka la eneo la Mwanga, hapo mjini Kigoma, lenye watu watano halimo kabisa. Ndiyo maana kusubiri sheria peke yake naona ni kuchelewa. Usaili ufanyike chumba cha chini kisicho na ngazi, mwombaji aulizwe mapema anahitaji nini, maswali yawe yaleyale kwa wote. Haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Akishapimwa kwa kazi na kufaulu, hapo mwajiri amwite mwenye nyumba na fundi, wapime ubavu wa baraza.