Kompyuta nane za Kirumba baada ya Windows 10

Shirika ninalolisaidia mambo ya kompyuta lina vyumba vitatu Kirumba, Mwanza, na kompyuta tisa. Nane ni Dell Latitude E6430, mashine za mwaka 2012 zilizonunuliwa mtumba kwa nyakati tofauti. Moja tu, ya mhasibu, ndiyo ya karibuni. Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha apdeti za usalama za Windows 10, kila kikao cha ofisi kinarudi palepale. Bodi inataka zinunuliwe mpya. Sisi wachache tunasema zile nane zihamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa sababu Windows 11 haizipokei: inadai prosesa za miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na hizi hazinacho.

Hoja za bodi ni nzito. Wafadhili hutuma fomu za bajeti za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, na LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, haiziendeshi zote. Mwezi Machi nilikaa pembeni ya mhasibu tukijaribu fomu moja ya namna hiyo kwenye Linux. Safu zilikaa sawa, fomula zikajumlisha vizuri, ila kitufe cha kuhakiki na kufunga fomu kikagoma. "Kaka, mbona nabonyeza na hakiendi?" Ilikuwa saa kumi alasiri, na fomu ilitakiwa ifike kabla ya saa sita usiku. Tukarudi kwenye mashine yake ya Windows. QuickBooks ya kompyuta, programu ya uhasibu, nayo imetengenezwa kwa Windows, vivyo hivyo Tally. Kijana tunayemwajiri leo amefundishwa Word, na fundi wa mjini amezoea Windows. Mjumbe mmoja wa bodi hupenda kutukumbusha Munich, jiji la Ujerumani lililohamisha kompyuta karibu 15,000 kwenda Linux, likakamilisha kazi mwaka 2013, kisha 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Kama wale walirudi, sisi ni nani?

Swali hilo ni la haki, na nitalirudia. Ila kuna jambo bodi hailigusi. Windows 10 iliyomo kwenye zile nane haijawahi kulipiwa. Fundi alipiga windo kwa shilingi 20,000 kila mashine, akatumia programu ya kukraki ambayo hatua yake ya kwanza ni kuzima antivairasi. Niliona kwa macho yangu. Miezi michache baadaye flashi iliyopelekwa stesheneri kuchapisha ripoti ilirudi na kirusi, folda zote zimegeuka shotikati, na ilipochomekwa tu, mashine mbili zikafuata. Ndani yake kulikuwa na rejista ya kaya za Ukerewe: majina, vijiji, umri wa watoto, na kwa baadhi yao hali ya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa kama hizo azilinde. Kwa mashine iliyozimwa ulinzi kwa makusudi, tungejitetea vipi mbele ya mama wa Ukerewe aliyetuamini na siri ya mwanawe?

Sasa nije kwenye hesabu isiyoniacha. Kwa taasisi isiyotaka kuhama, Microsoft inauza apdeti za ziada za Windows 10. Bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili inakuwa 122, wa tatu 244. Anayechelewa kujiunga hulipa na mwaka aliouruka. Jumlisha: dola 427 kwa mashine moja kwa miaka mitatu. Kila E6430 tulinunua kwa shilingi 350,000. Dola 427 ni zaidi ya milioni moja. Yaani kuilinda mashine kunagharimu karibu mara tatu ya mashine yenyewe, na miaka mitatu ikiisha unabaki na kompyuta ileile, imezeeka zaidi, na apdeti hakuna tena. Kwa zote nane ni dola 3,416. Na hapo bado hujanunua leseni halali ya hiyo Windows unayoilinda.

Mtu atasema wenye mashirika hupewa nafuu. Ni kweli, hupewa. Lakini kwa miaka mingi Microsoft iliyapa mashirika yasiyo ya faida nafasi kumi za bure za Microsoft 365 Business Premium, yenye Word na Excel za kusakinisha kwenye kompyuta, na mwaka 2025 ikaanza kuziondoa. Zilizobaki bure ni za Business Basic, ambako Word na Excel unazifungulia kwenye intaneti, kila barua ikila bando. Siwalaumu, ni biashara yao. Ila bajeti yetu ilikaa juu ya ukarimu ambao hatukuwa na sauti juu yake, na mwaka huohuo ukarimu mkubwa zaidi ulikatika: Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ikawa imekoma kazi. Ziwani hapa kila mtu anamjua aliyepoteza ajira.

Wanaosema programu huria kama Linux, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, ni ya wanafunzi wa kompyuta hawajatazama wanachokitumia wenyewe. Takwimu za vituo vya afya nchini zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Dodoso tunazojaza visiwani ni za KoboToolbox, iliyojengwa juu ya ODK, mfumo mwingine wa kukusanya taarifa kwa simu, zote huria. Simu tunayojazia ni Android, ambayo kiini chake ni Linux. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mimi sijawahi kuikuta kwenye kompyuta ya ofisi yoyote Mwanza, na hilo huniuma.

Hata hivyo huria haina maana ya bure. Tulijaribu na mashine mbili. Hadi diski ya zamani tuliitoa, tukaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya shilingi 80,000, kisha Linux Mint, toleo mojawapo la Linux. Zamani afisa miradi alikuwa akiwasha kompyuta, anakwenda kuchukua chai, anarudi bado inazunguka. Sasa haimalizi dakika. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni ya SSD, nakiri, na Windows nayo ingefaidi. Gharama yenyewe ilikuwa mtu: binti aliyemaliza chuo, tuliyemlipa siku sita awakalishe wafanyakazi mmojammoja, awaonyeshe faili linahifadhiwa wapi na namna ya kulituma likiwa na umbo la Word. Hela ile ilibaki Mwanza. Hilo kwangu lina uzito kuliko bodi inavyolihesabu.

Kuhusu Munich, wao walikuwa na mamia ya programu za idara. Sisi tuna barua, jedwali, barua pepe na Kobo. Kinachonitia hofu ni kingine: binti huyo akipata kazi Dodoma, nani atashika? Bajeti ya mwaka iwe na kifungu cha fundi na cha kumfundisha wa pili, au bodi itakuwa imenishinda kwa haki. Mashine ya mhasibu ibaki na Windows 11 yenye leseni iliyolipiwa, kwa ajili ya QuickBooks na vile vitufe vya wafadhili. Na windo ya kukraki isipigwe tena ofisini, hata kwa siku moja.

Mashine zile mbili za majaribio zinavuka Jumatatu kwenda Nansio, Ukerewe, kwa watu wa rejista. Flashi zao tumezikusanya zote kwenye bahasha moja, zipo kwenye droo yangu.