Jicho moja linaona mwendo, sasa la pili la nini?

Kuna hoja nakutana nayo sana, eti kuona kitu kinavyotembea hakuhitaji macho mawili, na wanaoisema hawasemi hewani. Funika jicho moja hapo ulipo, mpira ukirushwa bado utauona unakuja maana unazidi kuwa mkubwa, na Wiley Post alizunguka dunia kwa ndege peke yake mwaka 1933 akiwa na jicho moja tu! Tena mtafiti wa macho Christopher Tyler alionyesha mwaka 1971 kwamba kitu kikisogea mbele na nyuma kidogo sana, macho mawili yanakigundua kwa shida kuliko jicho moja linavyogundua kikienda pembeni. Hiyo siibishii.

Ila mi naona wanaishia njiani. Macho yetu yameachana kama sentimita 6 hivi, kwa hiyo kitu kikikujia usawa wa pua, la kushoto linakiona kinaenda kulia na la kulia linakiona kinaenda kushoto, ubongo ukizikutanisha hizo mbili ndo unajua kinakuja kwako wewe, na habari hiyo jicho moja haliwezi kuipata hata ulikodoe vipi.

Ukitaka kuamini funga nati kwenye uzi, mtu aibembeze kushoto kulia mbele yako, halafu weka kioo kimoja cha miwani ya jua kwenye jicho la kushoto tu, macho yote mawili yakiwa wazi. Utashangaa, nati inaanza kuzunguka kama inachora yai hewani, ikienda kulia iko mbali, ikirudi kushoto imekusogelea, wakati uzi wenyewe haujabadili njia! Jicho lililotiwa giza linachelewa kidogo sana kupeleka picha, na ubongo unakugeuzia kule kuchelewa kuwa umbali. Mwanafizikia Mjerumani Carl Pulfrich aliieleza hii mwaka 1922, na inaniumaga kwamba yeye hakuwahi kuiona, jicho lake moja lilikuwa halioni.

Kwa vitu vya mbali sana nawapa haki yao, tofauti ya picha mbili inakuwa ndogo mno. Lakini karibu, ndani ya urefu wa mkono, mtu aliyepoteza jicho ghafla anamimina maji nje ya glasi, na mpaka azoee inabidi atikise kichwa huku na huku ili glasi isogee machoni ndo ajue iko wapi.